Depo ya Kubeba Kichwani

Mimi na mume wangu tumegombana juu ya vitu vingi, kama watu wote waliooana, lakini ugomvi uliodumu kuliko yote ulikuwa huu: pakiti za Linux zikae wapi. Juu ya kukimbia hatukugombana hata kidogo. Masasi ya bunduki yakilia, tunashuka Bweremana kwa shangazi yake kando ya ziwa, basi. Juu ya watoto tuzae wangapi tuliongea siku moja tukaelewana. Ila juu ya depo, mpaka majirani walijua.

Nieleze kwanza, maana najua kuna watakaofikiri depo ni nyumba ya bia. Nilikuwa nafundisha informatiki ku sekondari moja pale Masisi. Mume wangu alikuwa na chumba chake cha kutengeneza mashini nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja Munande, mzee wa Butembo tuliyemwita Papa, mwenye sabuni, mchele, misumari na jenereta. Ile jenereta njo ilitufanya tukae pale. Ilikuwa miaka ya vita. Ukiniuliza vita gani, nitakuuliza wewe unataka vya akina nani, maana vilikuwa vinapokezana na hakuna aliyetuletea ratiba.

Ordinateri za shule zilikuwa za zamani, na ule mfumo mwingine, ule wa watu wote, ulikuwa unaugua kila mara. Kila kle ya USB iliyoingia Masisi ilikuwa imepita ku mikono ya korali za kanisa, ya motari wa pikipiki na ya wauza filamu, na ilileta nyimbo pamoja na virusi. Mume wangu alienda Goma kujifunza Linux, akarudi nayo kama mtu aliyeokoka. Alihubiri mpaka mezani. Nami nilikubali, si kwa sababu ya mahubiri, ila nilikuwa nimechoka kusafisha virusi kila Jumatatu huku wanafunzi wananitazama na kupiga miayo.

Tatizo la Linux ni moja. Ukiiweka kutoka ku CD inakuja tupu tupu. Ukitaka programu ya kuandika barua, ya kupiga hesabu, ya kuongea na imprimante ya kuchapisha, inaenda kuchota pakiti zake mu ghala kubwa lililo ku Internet. Ghala hilo njo depo. Watu wa mijini wanabonyeza, inakuja. Sisi, kupata rezo ya kutuma mesaji tu, ulipaswa upande kilima nyuma ya kanisa, uinue simu juu, usimame kwa mguu mmoja. Kwa hiyo tulijitengenezea depo yetu wenyewe. Rafiki mmoja wa Goma alikuwa anachota pakiti ku siber ya Internet, anazitia mu kle, anampa motari, motari anapanda nayo mpaka kwetu, sisi tunazimwaga mu serveri, na mashini za shule zinachota pale kwa waya. Ilitembea vizuri. Pakiti zilifika na vumbi kidogo, lakini zilifika.

Sasa, uziweke wapi?

Serveri yetu ilikuwa mashini moja nzito yenye diski ndogo ndani. Mume wangu alikuwa pia na diski ya nje, nyeusi, ya ukubwa wa kiganja, yenye nafasi ya kumeza depo nzima na bado ikabaki na njaa. Lakini yeye alitaka depo ikae ndani ya serveri.

"Mama, kitu ya serveri inakaa mu serveri," aliniambia. "Njo vile baliandika mu kitabu. Iko na dosie yake, /srv. Kila kitu iko na pahali yake."

"Ule aliandika kitabu, alisha kukimbia mara ngapi?"

Sikungoja jibu, maana mimi nikianza siachi. Nilimwambia ile serveri ni nzito kama jiwe la kusagia, nani ataibeba? Yeye? Mgongo wake huo unaouma akiinama kufunga viatu? Nilimwambia kitu usichoweza kukikamata ukakimbia nacho, hapa Masisi, umeazimwa tu. Tia depo mu diski ya nje, tuifunge mu bagaje, tulale.

Niseme kidogo juu ya bagaje, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kila nyumba wakati ule ilikuwa na bagaje nyuma ya mlango: kikwembe kikubwa kilichofungwa, ndani mna sufuria, chumvi, shitingi ya kujifunika mvua, nguo za watoto, karatasi za ubatizo na diploma. Haifunguliwi ovyo. Unachotumia mchana unakirudisha jioni. Nilipoolewa, mama mkwe wangu hakunipima kwa upishi, alinipima kwa bagaje. Aliinyanyua, akaitikisa kusikiliza kama sufuria inalia, akaizungusha kutafuta fundo, akasema: "Iko muzuri. Utafika." Hakunipa sifa nyingine tena maisha yake yote, na ile moja ilinitosha.

Mwishowe Linux yenyewe njo ilitupatanisha. Kwake hakuna diski hii na diski ile, kila moja na mlango wake. Kuna mti mmoja wa dosie, zile folda, na diski yoyote unayoleta unaikalisha juu ya dosie moja. Tulitengeneza dosie tupu ndani ya serveri, tukaiita /srv/depo. Kila asubuhi tulikuwa tunachomeka diski ya nje na kuikalisha pale kwa amri moja. Jioni tunaiondoa, inaingia mu bagaje, serveri inazimwa. Mume wangu akapata anwani yake kama kitabu kinavyosema, nami nikapata kitu cha kukimbia nacho.

"Ni kama mukeka," alitufundisha mimi na mdogo wangu wa kike. "Dosie njo sakafu. Diski njo mukeka. Ukitandika, unaona mukeka. Ukitandua, unaona sakafu."

Tukasema ndiyo, tumeelewa. Tulikuwa na njaa, na yeye alikuwa amefundisha mpaka maharagi yakapoa.

Papa wa duka alilipenda sana neno depo, kwa sababu naye alikuwa na yake, nyuma, yenye mlango wa chuma na kufuli mbili. Siku ile tulipomaliza alikuja akachungulia skrini, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua mchele.

"Madamu, hii depo yenu iko na nini ndani?"

"Pakiti, Papa. Nyingi sana."

"Mbona sioni hata moja."

Akacheka peke yake, akarudi ku sabuni zake.

Mdogo wangu njo mwenye habari hii. Alikuwa anakaa kwetu, finalisti wa opsioni ya komersiale na informatiki, na ule mwaka wa sita, wa mwisho, alikuwa ameshauanza mara mbili bila kuumaliza. Mara ya kwanza vita vilifunga shule kabla ya Pasaka. Mara ya pili tulikuwa Bweremana wakati wenzake wanafanya egzame, ule mtihani wa mwisho. Rafiki zake walikuwa wameshaolewa ao wako chuo Goma, yeye bado anavaa shati nyeupe na sketi ya bluu, na wale watoto wa darasa lake wanamwita "mama" kwa kumchokoza. Alikuwa anawajibu, "Kuja mukule, bana bangu," wanacheka wote. Lakini siku moja tukichambua maharagi uani aliniambia, bila kulia, na kwa sababu hakulia njo niliogopa:

"Dada, hii ya mwaka huu ikianguka, sirudie tena. Nitauzisha fromaji ku Sake. Na usiniombe."

Fromaji ni jibini ya ng'ombe wa vilima vyetu. Nilimjua. Tumetoka tumbo moja, na vichwa tuligawiwa vya aina moja. Akisema haombwi, hutamwomba.

Kwa opsioni yake kuna egzame ya pratike. Mwanafunzi anakaa mbele ya mashini, inspekta anasimama nyuma yake anapumua, mtoto anaandika barua ya biashara, anatengeneza tablo ya hesabu, anachapisha. Shule ambayo mashini zake haziko tayari, inspekta anairuka. Ana vilima vingi vya kupanda, hawezi kungoja mtu.

Basi, kukawa na wiki moja ya maneno mengi. Watu waliotoka upande wa Walikale walisema wenye bunduki wanasogea, wengine wakasema wanarudi nyuma, na kila aliyesema aliapa. Wiki kama ile bagaje haifunguliwi kabisa, na diski ilibaki ndani yake kule nyumbani. Asubuhi moja mume wangu alikuwa ameenda kutengeneza redio ya mtu, mimi niko darasani, na mdogo wangu peke yake njo alikuwa mu chumba nyuma ya duka. Motari akafika na kle kutoka Goma. Ndani mlikuwa na pakiti za pratike, zote tulizoomba: ya kuandika, ya tablo, klavye ya kuandikia Kifaransa, imprimante. Motari alikuwa anataka kushuka kabla ya mvua, hata kofia yake hakuvua. Mdogo wangu akachomeka kle, akaandika amri ya kukopia kwenda /srv/depo, akangoja mpaka mashini ikasema imemaliza, akamrudishia motari kle yake.

Hewa ilipotulia, tulileta diski, tukaikalisha pahali pake, mume wangu akafungua depo aone pakiti mpya. Hazimo.

"Mutoto, ulikopia?"

"Nilikopia, shemeki."

"Wapi?"

"Mu depo. Si ulituambia mu depo."

"Haziko."

"Nilikopia kabisa."

Alitafuta yeye, nikatafuta mimi. Hazimo. Ikabidi tupande kile kilima cha rezo kumwomba rafiki wa Goma atume tena, naye akanung'unika kama tumemtuma maji mara ya pili. Akatuma. Mume wangu akakopia kwa mkono wake mwenyewe, na mara hii zikaonekana. Tangu siku hiyo ile ya kwanza tukaiita kopi ya hewa. Chai ikikosa sukari, mume wangu anasema Mama ameweka sukari ya hewa. Mboga ikikosa chumvi, mimi nasema ni chumvi ya hewa. Mdogo wangu alicheka nasi mwanzoni, kisha akaacha kucheka, kisha akaacha kugusa serveri. Akija nyuma ya duka anafagia, anakaa ku ndoo iliyopinduliwa, anatazama.

"Kuja ukalishe diski," namwambia.

"Aksanti, dada. Mikono yangu iko ya hewa."

Kitu kingine kilianza karibu na wakati ule ule. Diski ndogo ya ndani ya serveri ikaanza kulalamika kwamba imejaa. Mashini inasema imejaa, lakini ukihesabu vilivyomo, dosie kwa dosie, havifiki hata nusu. Mimi nilisema ni filamu zake za karate alizozificha. Yeye alisema ni picha zangu za arusi, nilizozitia humo zote, hata zile zenye vidole vya mpiga picha. Tulifuta za wote wawili. Haikubadilika kitu, serveri ikaendelea kulia imejaa, na arusi yetu njo ilipotea hivyo.

Kisha masasi yalilia kweli, mchana, watu wako sokoni. Sitaeleza mengi, aliyekimbia anajua, na asiyekimbia aendelee kukaa vizuri. Serveri tuliisukuma mu depo ya Papa wa duka, nyuma ya makartoni ya sabuni, akafunga kufuli zake mbili, akapakia mke wake ku pikipiki, wakaenda. Mdogo wangu alibeba mtoto wetu wa mwisho mgongoni, mume wangu alibeba yule mkubwa mabegani, mimi bagaje kichwani. Mbele ya safari tukakuta kizuizi: kamba, na wanaume wenye bunduki ambao mpaka leo sijui walikuwa wa upande gani, maana hawakujitambulisha nasi hatukuwauliza. Wakatelemsha bagaje, wakaifungua. Mmoja akatoa diski, akaigeuzageuza, akaiweka ku sikio.

"Hii redio inafunguliwa wapi?"

"Haiko redio, afande," mume wangu akasema. "Iko depo."

Nilimkanyaga mguu. Yule mtu akaitia diski mfukoni, akazoa sufuria na shitingi, akatuambia tupite. Nilikuwa naogopa, na juu ya ile hofu bado nikawa na hasira: bagaje yangu, iliyopimwa na mama mkwe, imefunguliwa na mtu asiyejua hata fundo linaanzia wapi.

Bweremana tulikula sambaza, vile visamaki vidogo, mpaka watoto wakaanza kunuka ziwa. Shangazi wa mume wangu ni mtu mwema, hakutuuliza tutarudi lini. Mdogo wangu alikuwa anapenda kukaa ku mawe ya ufukoni, ametugeuzia mgongo. Nilifikiri anatazama mitumbwi. Siku moja nikamsogelea na kikombe cha uji, nikaona anapiga vidole ku goti lake, vyote kumi, macho amefumba. Alikuwa anajizoeza klavye. Nilirudi na uji wangu. Roho iliniuma sana.

Tuliporudi Masisi, mlango wa chuma wa Papa ulikuwa umefunguliwa kwa risasi. Sabuni hakuna, mchele hakuna, misumari hata mmoja. Serveri yetu njo ilikuwa imebaki, imetupwa sakafuni, kifuniko kimetoka, kuku amelala juu yake. Mashini nzito ya zamani, nani aibebe? Papa alisimama katikati ya ile nyumba tupu.

"Madamu, depo yangu balimaliza. Yenu?"

"Yetu balipeleka mufukoni, Papa."

Akacheka. Mtu aliyepoteza kila kitu alicheka, akaenda kutafuta jenereta yake aliyokuwa ameifukia nyuma ya choo, na mimi nikaona haya kulia mbele yake.

Mashini za shule nazo zilikuwa zimeondoka. Paroko akatupatia zingine za zamani, gari likazileta kutoka Goma, na lile gari njo lilikuwa la mwisho kupita. Nyuma yake barabara ikafungwa pale Sake. Antena ya simu nayo ilikuwa imezimika, ungepanda kilima chochote ulichotaka. Na inspekta, ambaye alikuwa anakuja kwa njia zake za miguu na pikipiki, akatuma neno: anapita Masisi wiki inayokuja, mashini ziko tayari ao haziko tayari.

CD ya Linux nilikuwa nayo, nilikimbia nayo ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Tukaitia mu mashini zote. Zikawaka, nzuri, safi, tupu. Programu ya kuandika hakuna. Ya tablo hakuna. Inspekta angekuta wanafunzi wamekaa wananyoosha migongo mbele ya picha ya mlima. Mdogo wangu alipita katikati ya meza, akagusa klavye moja na kidole kimoja, akatoka.

Hapo motari mmoja wa njia ya Walikale akaleta habari: kule Kashebere kuna mtu anauzisha redio nyeusi isiyosema. Mume wangu hakumaliza chai. Alipanda naye, akarudi kesho yake jioni, matope mpaka ku mashavu, ndevu zimenyolewa safi kabisa. Nikajua kuna jambo, maana mume wangu hanyoi bila msiba ao ubatizo.

"Uliipata?"

"Niliiona."

"Iko wapi?"

Akakaa kwanza. Yule mtu wa Kashebere, redio ilipokataa kusema, aliifungua kwa bisibisi aone ina ugonjwa gani. Ndani akakuta kisahani kinachong'aa, kizuri, chenye tundu katikati. Akampa kinyozi wa pale kando ya barabara. Kinyozi akapitisha msumari mu lile tundu, akakitundika ku ukuta wa mbao, na sasa wateja wanajitazamia humo.

"Nilijitazama mu depo yetu, Mama," mume wangu akasema. "Niliona ndevu tu. Nikamuambia anyoe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye akacheka, watoto wakacheka bila kujua kwa nini. Kisha nikamwona mdogo wangu amesimama mlangoni, na yeye hacheki.

"Basi," alisema. "Kesho naenda kuona ule mama wa fromaji."

Akaingia ndani. Sikumwomba. Nilikaa pale pale chini na ile cheko imenikauka mdomoni.

Kesho yake asubuhi nilienda nyuma ya duka na hasira zangu zote. Nilikuwa na wazo moja dhaifu: kutafuta ndani ya serveri yenyewe kama hamna programu yoyote ya kuandika, hata mbaya, niigawie mashini za shule. Lakini serveri ilipowaka, kitu cha kwanza ikasema imejaa. Nikasema, leo nitajua ni nani anayekula nafasi ya mashini hii, hata kama ni karate. Mume wangu alikuwa anafunga kifuniko cha serveri kwa kamba. Mdogo wangu akapita kutuaga, kikapu cha fromaji tayari mkononi, majani ya ndizi ndani ya kufunikia. Akasimama tu, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Nikaiambia mashini ihesabu tena, dosie kwa dosie. Ikataja vidogo vidogo. Kisha ikataja /srv/depo, nayo ilikuwa nzito kupita zote.

"Inadanganya," mume wangu akasema. "Depo iko Kashebere, bantu banajinyolea mule."

"Iko inaandika uzito."

"Mama, diski haiko. Ile dosie iko tupu. Ni miye niliitengeneza, tupu."

"Na tangu siku ile, ulisha kuifungua bila diski?"

Hakuwa amewahi, wala mimi. Kila asubuhi tulikuwa tunatandika mkeka kwanza, ndipo tunatazama. Nani anaenda kuchungulia mu chumba anachojua ni tupu?

Nikafungua.

Zilikuwamo. Ya kuandika, ya tablo, klavye ya Kifaransa, imprimante, zote, hakuna hata moja iliyopungua. Zilikaa pale tangu asubuhi ile ya motari mwenye haraka, wakati diski iko mu bagaje nyuma ya mlango wetu. Mdogo wangu aliambiwa aziweke mu depo, akaziweka mu depo, ku sakafu yenyewe, kwa sababu mkeka haukuwapo. Kisha sisi tukaja na diski yetu, tukaikalisha juu yake, tukasema hakuna kitu. Njo maana diski ndogo ilikuwa imejaa. Njo maana hesabu zilikuwa hazifiki. Ningekuwa na akili ya kuelewa siku ile, tungekuwa bado na picha za arusi.

Mdogo wangu akaweka kikapu chini, akasogea mpaka ku skrini, akasoma majina yale moja moja.

"Niliwaambia nilikopia," alisema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Mume wangu akasimama, akapangusa kiti kwa mkono wa shati yake, akamsogezea.

"Ikala, mutoto."

"Miye?"

"Kopi iko yako."

Akakaa. Vidole vyote kumi vikaingia kazini. Mashini za shule zikaanza kuchota, na mimi nikatoka nje, nikalia nyuma ya ile depo tupu ya Papa, nikijifanya nakohoa. Papa akanikuta hapo.

"Madamu, kumeharibika nini?"

"Hakuna, Papa. Depo yetu iko na kitu ndani."

Akaingia, akachungulia tena skrini, mikono mgongoni. "Bado sioni," akasema. Lakini alienda akamwaga ku jenereta petroli yake ya mwisho, na hatukuwa tumemwomba.

Inspekta alikuja na matope yake na haraka yake. Kwa dirisha nilimwona mdogo wangu akiandika barua ya kuagiza sabuni Butembo, mgongo wima, akatengeneza tablo, akachapisha. Inspekta alisoma, akageuza karatasi aone kama nyuma kuna kitu, akasema "Bon," akasogea kwa mwingine. Kikapu cha fromaji tulikitumia kuwekea vitunguu. Leo yeye njo anafundisha informatiki mu darasa lile lile, na wanafunzi wanamwogopa kuliko walivyoniogopa mimi.

Baadaye tulipata diski nyingine, na ugomvi ukaanza upya, depo ikae wapi. Mara hii ulikwisha haraka. Zile za pratike zinakaa chini, ndani ya serveri, na depo nzima inakaa ku diski, na diski inakaa mu bagaje. Mume wangu aliandika amri ndogo ya kuikalisha kila asubuhi, ambayo kwanza inauliza kama diski iko kweli. Tuliitumia miaka bila kuifungua, kwa sababu ilikuwa inatembea.

Juzi juzi mdogo wangu aliifungua airekebishe kidogo, akaniita. Juu kabisa, kabla ya amri zote, kuna mstari unaoanza na ile alama inayoiambia mashini iruke, isisome, maana yaliyoandikwa pale ni ya watu. Mume wangu hakuwahi kutuambia kama aliuandika. Mstari wenyewe unasema: Alikopia kabisa.